Digrii Inayomfuata Sista Wodini

Saa nane za usiku, katika zahanati ya mwambao wa Nyasa, muuguzi yuko peke yake zamu. Amempima mama njia, ameweka alama ya X kwenye patografu, ameinama na fetoskopu kusikiliza moyo wa mtoto. Sasa anaitazama ile grafu: alama imevuka mstari wa tahadhari au bado? Ikivuka, lazima aandike rufaa, na rufaa maana yake ni hospitali ya Liuli, au kupanda milima hadi Mbinga.

Mistari ile haikuchorwa Ulaya. Hugh Philpott na mwenzake Castle waliichora Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakaichapisha mwaka 1972, ili mkunga wa kliniki ya mbali ajue mapema mama yupi asafirishwe. Huwa nalikumbuka hilo kila nisikiapo kwamba elimu ya juu ya uuguzi lazima ifuatwe mjini.

Umatengoni, kwenye milima hiyo ya Mbinga, ujuzi mzito hufundishwa pale pale ulipo. Ngoro, mashimo yanayozuia mvua isiondoke na udongo wa miteremko, hayana darasa. Wanaume hufyeka na kupanga majani kwa miraba, wanawake huchimba na kufukia, na binti hujifunza kando ya mama yake, jembe mkononi. Uuguzi wa misheni ulikuja na desturi inayofanana na hiyo. Wabenediktini waliweka chuo cha uuguzi Peramiho ubavuni mwa hospitali, mwanafunzi akaiva akiwa karibu na kitanda cha mgonjwa. Mkono uliiva kweli. Ila ngazi iliishia kwenye cheti na diploma, na anayetaka kupanda zaidi hufunga mizigo.

Desturi ya chuo kikuu ni nyingine. Muhimbili ilianza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 1988, na kutoka Mbamba Bay, kwenye mwambao huo wa Nyasa, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Sista akipata ruhusa ya masomo, kijiji kinabaki na mlango uliofungwa. Chuo Kikuu cha Aga Khan kiliwawekea wauguzi walio kazini ratiba ya kusoma huku wakiendelea na ajira. Ni wema mkubwa kwa anayeishi mjini. Wa Liuli hawezi kuingia darasani Dar es Salaam kisha awahi zamu.

Kenya ilijaribu njia ya tatu. Mwaka 2005 Amref, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na kampuni ya Accenture walianza kuwaendeleza kwa kompyuta wauguzi wa cheti, wakilenga zaidi ya 20,000, wafikie diploma bila kuacha kazi. Watu husifu kompyuta. Mimi nasifu uamuzi wa kuacha mazoezi ya wodini yabaki wodini, chini ya macho ya mtu anayeijua kazi. Uingereza nako, Chuo Kikuu Huria chao kiliwafungulia wasaidizi wa hospitali mafunzo ya uuguzi wakiwa kwenye ajira, huku mwajiri akishiriki. Nchi mbili zenye utajiri tofauti kabisa zimefika kwenye jambo lile lile: masomo yanaweza kupita hewani, mkono haupiti.

Kwa Ruvuma, mkoa wenye zahanati hizi, hilo linawezekana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Songea, na mitihani ya nadharia ingeweza kufanyiwa huko. Masomo yapakuliwe mara moja na yafunguke hata bando likiisha. Halmashauri imhesabie sista saa za kusoma ndani ya wiki yake ya kazi, maana anayesoma baada ya zamu mbili za usiku husoma akisinzia, na tusimlaumu akishindwa.

Linabaki swali la kijitabu cha mazoezi, ambacho msimamizi hutia saini kwa kila kazi ya wodini. Usiku ule wa patografu ni somo la shahada, iwapo asubuhi yupo wa kumuuliza sista kwa nini alisubiri saa moja zaidi, kusikiliza jibu lake, kisha kutia saini. Kwa hiyo fedha ya kwanza isiende kwenye kompyuta. Iende kwa wakunga wenye shahada, mmoja Mbinga, mmoja Litembo, mmoja Liuli, kila mmoja alipwe kwa saini hiyo na kwa nauli ya kumfuata mwanafunzi wake huko ufukweni.