Erin Phillips: Bingwa aliyerudia mchezo aliokatazwa akiwa na miaka 13

LIGI ya kulipwa ya wanawake ya kandanda ya Australia, maarufu kama AFLW, ilipoanzishwa mwaka 2017, mchezaji bora wa msimu wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 31, mama wa watoto pacha, ambaye hakuwa amecheza mchezo huo kwa takriban miaka 18. Jina lake ni Erin Phillips. Alipostaafu mwaka 2023 alikuwa ametwaa mataji matatu ya ligi hiyo na kutajwa mara mbili mchezaji bora wa mwaka.

Maisha yake ya michezo yanaonyesha jinsi kipaji kinavyoweza kuzimwa kwa kanuni, na jinsi kinavyoweza kufufuka pindi mlango unapofunguliwa.

MCHEZO WENYEWE

Kandanda ya Australia si soka, wala si raga. Huchezewa katika uwanja wa umbo la yai, mara nyingi ule ule wa kriketi, kwa mpira ambao pia ni wa umbo la yai. Timu ya wanaume huwa na wachezaji 18 uwanjani na ya wanawake 16. Mchezaji huruhusiwa kupiga mpira kwa mguu au kuugonga kwa ngumi kumpelekea mwenzake, lakini haruhusiwi kuurusha. Kila upande wa uwanja una milingoti minne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya miwili ya katikati huwa bao la alama 6, na ukipita pembeni mwa hiyo miwili huleta alama 1 pekee.

Phillips alizaliwa Mei 19, 1985 jijini Melbourne, wakati babake, Greg Phillips, alipokuwa akiichezea klabu ya Collingwood. Familia ilirejea Adelaide, ambako mzee huyo anakumbukwa kwa kutwaa mataji manane ya ligi ya Australia Kusini akiwa na klabu ya Port Adelaide. Binti alikua akicheza na wavulana, na kwa ushuhuda wa wengi hakuwa nyuma yao. Hata hivyo, alipofika umri wa miaka 13 kanuni zilimfungia njia: wasichana hawakuruhusiwa tena kucheza katika timu za wavulana, na timu ya wasichana ya kumpokea haikuwapo.

MIAKA YA VIKAPU

Ndipo alipogeukia mpira wa vikapu. Alianza na klabu ya Adelaide Lightning, na mwaka 2005 akateuliwa na Connecticut Sun ya ligi kuu ya wanawake ya Marekani, WNBA. Alitwaa ubingwa wa ligi hiyo mara mbili: akiwa na Indiana Fever mwaka 2012, na Phoenix Mercury mwaka 2014. Baadaye alizichezea Los Angeles Sparks na Dallas Wings.

Katika timu ya taifa ya Australia alikuwa miongoni mwa walioshinda ubingwa wa dunia nchini Brazil mwaka 2006, na akapata nishani ya fedha katika Olimpiki za Beijing mwaka 2008. Alirejea katika Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016, ambako Australia ilibanduliwa na Serbia katika robo-fainali.

Mchezaji mwingine angeridhika na hayo na kupumzika. Lakini mwaka huo huo wa 2016, yeye na mke wake, Tracy Gahan, aliyekuwa pia mchezaji wa vikapu, walijaliwa pacha. Na nchini mwake klabu nane zilikuwa zikisajili wachezaji wa ligi mpya ya wanawake. Phillips alijiunga na Adelaide na kufanywa nahodha mwenza pamoja na Chelsea Randall.

LIGI YAANZA

Mechi ya ufunguzi, kati ya Carlton na Collingwood, ilichezwa Februari 3, 2017 jijini Melbourne. Mashabiki 24,568 waliujaza uwanja, milango ikafungwa na wengine wakabaki nje. Swali la iwapo umma ungewatazama wanawake likapata jibu usiku huo huo.

Msimu huo ndimo alimocheza pia Akec Makur Chuot wa klabu ya Fremantle, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma hapa Kenya kabla ya familia yake kuhamia Australia.

Fainali ilichezwa Machi 25, 2017. Brisbane iliingia uwanjani bila kushindwa hata mara moja, lakini Adelaide ikailaza kwa alama 35-29. Phillips alifunga mabao mawili na kutangazwa mchezaji bora wa fainali, kisha mchezaji bora wa msimu.

Kilele cha safari yake kilikuja Machi 31, 2019. Mashabiki 53,034 walifurika katika uwanja wa Adelaide Oval kutazama fainali dhidi ya Carlton, idadi iliyoweka rekodi ya ligi hiyo. Adelaide ilishinda kwa alama 63-18. Katika robo ya tatu, Phillips alianguka na kano ya goti lake ikakatika. Alipokuwa akitolewa kwa machela, uwanja mzima ulisimama kumshangilia, na licha ya kutomaliza mechi alipewa tena tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Mwaka huo pia alitwaa kwa mara ya pili tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Wengi walidhani jeraha hilo, katika umri wa miaka 33, lilikuwa mwisho wake. Alipasuliwa, akapona na kurejea. Adelaide ilishindwa na Brisbane katika fainali ya 2021, lakini Aprili 9, 2022 ikaichapa Melbourne 29-16, na Phillips akapata taji lake la tatu.

KLABU YA BABAKE

Baadaye mwaka huo ligi ilipopanuliwa hadi klabu 18, alihamia Port Adelaide, klabu ya babake, na kuwa nahodha wa kwanza wa timu yake ya wanawake. Timu hiyo changa ilipoteza mechi nyingi, lakini kwake kuvaa jezi hiyo kulikuwa na maana kuliko jedwali. Alistaafu akiwa na umri wa miaka 38.

Safari ya ligi yenyewe haijakamilika. Mwaka 2017 nyota wakuu walilipwa takriban Dola 27,000 za Australia kwa msimu, na wengi wa wenzao chini ya Dola 10,000, hivyo wakalazimika kuwa na kazi nyingine. Makubaliano ya mwaka 2023 yaliinua wastani hadi takriban Dola 60,000, kiwango ambacho bado ni sehemu ndogo ya kile wanachopata wanaume.

Hata hivyo, msichana wa miaka 13 wa Adelaide leo haambiwi tena kuwa mchezo umemwishia. Ana timu za wasichana za kujiunga nazo na ligi ya kulipwa ya kulenga, mambo ambayo Phillips hakuyapata katika umri huo.