Jina la flashi: namna ya kulisoma na kulibadilisha kwa komandi

Katika masekretaria publiki ya Baraka na Fizi-centre, flashi na karti memori za watu wengi hupita mu mashini moja. Mmoja analeta picha za harusi, mwengine TFC ya kuchapisha, mwengine anatafuta nyimbo. Nyingi haziko na jina. Ndiyo maana inatokea mtu anafomata flashi ya mwenzake akizania ni yake, na picha za marehemu zinapotea.

Herufi si jina

Windows inapatia flashi herufi, mfano E: ao F:. Ile herufi ni ya mashini. Ukienda kwa mashini ingine inaweza kubadilika. Lakini jina limeandikwa ndani ya flashi yenyewe na linatembea nayo.

Kusoma

Bonyeza Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Entrée. Katika dirisha jeusi andika:

vol E:

Mashini ya Kifaransa inajibu «Le volume dans le lecteur E s'appelle» na jina. Kama haliko, inasema «n'a pas de nom». Chini yake kuna numéro de série: alama nane zenye kistari katikati. Namba hiyo inawekwa wakati wa kufomata, na haibadiliki ukibadilisha jina. Flashi mbili zikiitwa MUZIKI zote, namba ndiyo itazitofautisha.

Kubadilisha

label E: HARUSI

Rudia vol E: kwa kuhakikisha. Kazi hii haifuti kitu. Komandi inayofuta ni format. Kwa flashi ya FAT32 jina lisipite alama 11, na linabaki kwa herufi kubwa. NTFS inakubali mpaka 32. Usitie nukta, koma wala alama ya kuuliza.

Ikikataa, fungua cmd kwa «Exécuter en tant qu'administrateur». Kama ni karti ndani ya adapta, angalia pia kile kitufe kidogo cha pembeni: kikishushwa, karti haiandikiki.

Kwa Linux

Komandi lsblk -f inaonyesha diski zote na majina yake. Kwa flashi ya FAT32, andika:

sudo umount /dev/sdb1
sudo fatlabel /dev/sdb1 HARUSI

Hapa sdb1 ni mfano tu. Soma orodha kwanza, juu ukikosea utagusa diski ya mwengine.

Mbele ya kufomata

Kwa diski ya ndani yenye jina, format ya Windows inakuomba kwanza uandike jina lake. Kwa flashi haiulizi jina, inangojea tu Entrée. Kwa hiyo vol E: ianze kila mara, na mwenye flashi akiwa hapo asome jina yeye mwenyewe.