Gendia: Kilima Ambako Maombi na Dawa Vilikaa Nyumba Moja

Mwishoni mwa mwaka 1906, Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, mzaliwa wa Nyasaland, Malawi ya leo, walitoka Kisumu wakaweka makao katika kilima cha Gendia, jirani na Kendu Bay. Hapo ndipo kazi ya Waadventista Wasabato ilipoanzia nchini Kenya. Walikuja na Biblia, lakini Wajaluo wa Karachuonyo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na la kuwauliza: huyo Mungu wenu atamfanyia nini mgonjwa wangu?

Swali hilo halikuwa la bure. Tangu mwanzo wa karne, malale yalikuwa yakifyeka watu kando ya Ziwa Victoria; upande wa Uganda waliokufa wanakadiriwa kupita 200,000. Ilikuwa mwaka 1903 tu ambapo watafiti waliokuwa Entebbe, akiwemo David Bruce, walibaini kwamba mbung'o ndiye anayeueneza ugonjwa huo. Nyumbani kwa Mjaluo, maradhi mazito yalitafutiwa mkosaji: nani kavunja mwiko hadi chira, laana ya kuvunja mwiko, ikaingia bomani? Ajuoga, yaani mganga wa kienyeji, alianza na chanzo, dawa ikafuata.

Wamisionari walikuja na mpangilio mwingine. Mwaka mmoja kabla ya Gendia, Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa lao, alikuwa amechapisha kitabu cha afya na uponyaji chenye sura nzima juu ya kuwaombea wagonjwa. Msimamo wake ni kwamba anayemwomba Mungu uponyaji asidharau tiba aliyo nayo; kuitumia si upungufu wa imani. Mfano unaotajwa sana ni wa Mfalme Hezekia. Alilia, akaahidiwa miaka 15 zaidi ya kuishi, na bado Isaya akaagiza jipu lake libandikwe tini.

Fundisho hilo lilipata kuta na paa mwaka 1925, ilipoanzishwa hospitali ya misheni hapo Kendu chini ya Daktari G. A. S. Madgwick. Baadaye kikaja pia chuo cha wauguzi. Mgonjwa aliyeombewa na wazee wa kanisa, wakampaka mafuta kama Waraka wa Yakobo unavyoelekeza, hakulazimika kuchagua kati yao na daktari.

Si wote walioridhika na njia ya misheni. Mwaka 1963 jina la Gaudencia Aoko lilivuma Nyanza. Mama huyu kijana, aliyekuwa amefiwa na watoto wawili, alizunguka akiombea wagonjwa, akikemea pepo na kuchoma hirizi. Pamoja na Simeo Ondeto walijenga Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki. Maelfu waliwafuata. Walipata huko jambo ambalo foleni ya zahanati haiwezi kutoa: mtu wa kuyasikiliza mateso yao kwa lugha yao na kuyaombea kwa sauti.

Kisha ukaja Ukimwi. Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, eneo la Homa Bay, iliko Gendia, lilikuwa tayari limezika wengi. Chira ikarudi midomoni. Makanisani nako ilivaa nguo mpya, ikaitwa dhambi. Wapo wahubiri nchini waliowaambia waumini watupe dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ili wathibitishe imani. Waliotii walirudi vitandani, na walipozidiwa wakaambiwa imani yao ilikuwa haba.

Hapo ndipo historia ya Kendu Bay inapomsaidia Mkristo anayepiga magoti leo. Maombi yanayomhoji mgonjwa ni uaguzi uliobatizwa. Wanafunzi wa Yesu walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana aliikataa hesabu yao. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba, lakini akabaki nao, na hakuna anayethubutu kumwita mwenye imani haba.

Basi mtu aombe uponyaji waziwazi, maana ameruhusiwa kuomba. Amwombee na daktari, ameze dawa kwa wakati, na amwachie Mungu jibu bila kumwekea tarehe. Na ugonjwa usipoondoka, kanisa lina kazi bado: kulipa nauli ya kwenda kliniki, kupika uji, kukesha na mgonjwa. Mtu akiachiwa maradhi yake na lawama juu, hapo hakuna aliyemwombea.