Subira na Nafasi

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema subira yavuta heri. Nyingine yasema ngojangoja huumiza matumbo. Anayeongoza vijana, wawe wanachuo au wachezaji, huishi katikati ya methali hizo. Mfano ninaopenda kuutafakari hautoki katika chuo cha ualimu, ambako nilitumikia miaka mingi. Unatoka katika mpira wa kikapu wa Marekani, lakini unatuhusu Watanzania, kwani ndani yake yumo kijana wetu, Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wamekwisha kuucheza mchezo huo kwa miaka mingi. Kimo chake cha zaidi ya mita mbili kilimfikisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote wa ligi ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba.

Memphis ilikuwa timu changa. Mchezeshaji wake, Mike Conley, alizaliwa mwaka ule ule wa 1987. Pale katikati, mahali pa watu warefu, alikuwapo Marc Gasol, Mhispania, aliyekuwa akiimarika kila mwezi. Basi Thabeet alifika akakuta kiti kimekaliwa. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji, kisha akarejea kukaa benchi.

Ikafika tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji msimu ule. Rudy Gay, mfungaji wao mkubwa, alikuwa ameumia bega. Tangu kuanzishwa kwake, timu hiyo ilikuwa imecheza mechi 12 za mtoano na kushindwa zote. Viongozi walikuwa na njia mbili: kuwangoja vijana wakomae, au kutoa kitu wapate mtu mzima. Wakamtoa Thabeet kwa Houston, pamoja na haki ya kuchagua mchezaji mpya siku za mbele. Mkubwa waliyempata alikuwa Shane Battier, mwenye miaka 32, fundi wa kukaba, ambaye aliwahi kuichezea Memphis zamani.

Siku hiyo hiyo walikusudia pia kumtoa kijana mwingine, O. J. Mayo, aende Indiana. Karatasi zilichelewa kufika kwenye ofisi za ligi, saa ikapita, na Mayo akabaki.

Tazama sasa yaliyofuata. Tarehe 17 Aprili, ugenini San Antonio, sekunde chache kabla ya mwisho, Battier alitupa mpira wa pointi tatu ukaingia. Memphis ikashinda 101 kwa 98, ushindi wake wa kwanza wa mtoano. San Antonio iliyokuwa imeshinda mechi 61 msimu ule ikatolewa kwa 4 kwa 2. Katika raundi iliyofuata Memphis iliifikisha Oklahoma City mechi ya saba kabla ya kushindwa. Na ile ya sita, ambayo Memphis ilishinda, Mayo aliyenusurika kuuzwa alianza katika kikosi cha kwanza.

Kwa hiyo badiliko lililofanyika lilileta faida, na lile lililoshindikana likaleta faida vilevile. Msomaji ataona kwamba matokeo peke yake hayatufundishi njia ipi ni bora. Mimi hutazama jambo jingine. Novemba 2010, miezi mitatu tu kabla, Memphis ilimwongezea Conley mkataba wa miaka mitano, na wengi wakaona amelipwa kupita kiasi. Alidumu hapo hadi 2019, akawa nguzo. Kwa nini subira ilimfaa Conley isimfae Thabeet?

Jibu langu ni la mwalimu. Conley alikuwa akikosea uwanjani, mbele ya watu, na kesho yake akicheza tena. Thabeet alingoja kandoni. Chuoni tunajua tofauti hiyo. Mwanachuo anayepelekwa mazoezi ya kufundisha, akakalishwa nyuma ya darasa akimtazama mwalimu mwenyeji hadi muhula uishe, hurudi kama alivyokwenda. Huwezi kusema umemvumilia kama hukumpa chaki.

Sidai kwamba dakika zaidi zingemfanya Thabeet kuwa nyota. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na msimu wake wa mwisho katika NBA ulikuwa wa 2013–14. Wala siwalaumu Memphis kwa siku ile ya Februari. Walimu hawana haki ya kuwanyima wanafunzi 40 kwa ajili ya mmoja, na Conley na Gasol nao walistahili kuonja ushindi. Battier aliondoka mwaka ule ule kwenda Miami, lakini alichowaachia hakikuondoka naye: mwaka 2013 walifika fainali ya ukanda wa Magharibi.

Ninalokataa ni ile kauli niliyoisikia sana hapa nyumbani, kwamba walimpa nafasi akashindwa. Walimpa jezi na mshahara mnono. Nafasi ni kitu kingine. Uamuzi uliomuumiza ulifanywa mwaka 2009, alipochaguliwa kijana mwenye haja ya mafunzo marefu na timu ambayo mahali pake palikuwa na mwenyewe. Kubadilishana kwa 2011 kulikuwa kukiri tu.

Kwa hiyo kiongozi anayejiuliza angoje au abadilishe, na aanze na swali dogo: huyu ninayemngoja, nimempa kazi gani ya kufanya leo?