Foleni ya usiku London: watu wa kwenye picha ile walikuwa nani?

Wiki hii hatuleti historia ya wafalme wala ya vita. Tunaleta historia ya foleni.

Foleni sote tunaijua. Tumepanga ya kuandikishwa, ya posho, ya maji, ya kuweka kidole. Sasa kuna picha moja ya rangi, ina upana wa karibu mita mbili na nusu, na yote ni foleni tu. Tulipoiangalia kwenye simu ya mwenzetu tulinyamaza kidogo. Halafu mmoja akasema: "Hawa ni sisi kabisa, ila wao wako kwenye theluji."

Picha hiyo ilichorwa na Mwingereza Luke Fildes na ikaonyeshwa London mwaka 1874. Ni usiku wa baridi kali. Watu wamejibana kwenye ukuta nje ya kituo cha polisi. Kuna mama amebeba mtoto mchanga, na mwingine anatembea pembeni yake. Kuna mlevi, mikono mifukoni. Kuna baba na familia yake. Kuna mtu mwenye kofia ndefu ya kitajiri, yaani zamani na yeye alikuwa na chake. Ukutani yamebandikwa matangazo ya zawadi, na mbwa aliyepotea ameahidiwa pesa nyingi kuliko mtoto aliyetelekezwa. Kila kitu kimechorwa kwa makini, hata unaona nguo zilivyolowa.

Wanangoja nini? Wanangoja tiketi. London wakati huo lilikuwa jiji kubwa kuliko yote duniani, lenye benki, reli na bandari iliyojaa mali kutoka kila bara. Lakini wengi hawakuwa na pa kulala. Sheria ya mwaka 1864 ilizitaka wilaya za jiji ziwape malazi, na mtu alitakiwa kwanza apite polisi achukue tiketi. Tiketi ilimpa chakula kidogo na mahali pa kulala. Asubuhi alilipa kwa kazi, kama kuvunja mawe au kuchambua kamba kuukuu. Kisha barabarani tena.

Fildes hakutoka kwa matajiri. Alilelewa na bibi yake, Mary Fildes, mama aliyejeruhiwa Manchester mwaka 1819 wakati askari wa farasi walipovamia mkutano wa watu waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura. Kijana alipofika London aliiona foleni hiyo kwa macho yake. Gazeti jipya la The Graphic lilipoanza, tarehe 4 Desemba 1869, mchoro wake wa foleni ulitoka kwenye toleo la kwanza kabisa. Mwandishi Charles Dickens aliuona, akamchagua kijana huyo achore picha za riwaya yake ya mwisho.

Baadaye akaamua kuuchora upya kwa rangi. Alitoka usiku, akawatafuta watu wa barabarani wenyewe, akawalipa waje wasimame mbele yake. Mmoja alipewa bia ili asichoke kusimama, na pembeni yake zikatandazwa karatasi zenye dawa ya kuua wadudu.

Picha ilipoonyeshwa, watu walifurika hadi ikabidi kuweka vizuizi na polisi wa kuilinda. Wakosoaji wengine walilalamika kwamba mambo kama hayo hayafai kwa sanaa, maana sanaa ni ya kupendeza. Ebu fikirieni: watu wenye nyumba zao walisukumana ili watazame wasio na nyumba. Mwaka 1883 ikanunuliwa na Thomas Holloway, aliyetajirika kwa kuuza vidonge na marhamu. Hadi leo iko katika chuo alichokijenga karibu na London. Fildes naye aliendelea mpaka akamchora Mfalme Edward VII. Na wale wa foleni? Majina yao hayakuandikwa kwenye picha.

Karibu miaka mia moja baadaye, Marekani, wasanii wengine walianza kutengeneza kazi zinazofanana na ukweli hadi jicho linadanganyika. Richard Estes alichora vioo vya maduka ya New York, vinang'aa, na watu ni wachache sana. Duane Hanson, mchongaji, alitengeneza wanaume wa kimo cha kweli wamelala kati ya takataka, kama walivyolala kwenye mtaa wa Bowery wa jiji hilohilo. Mmoja alionyesha kioo, mwingine alionyesha anayelala nje ya kioo.

Kwa nini tunawaletea haya? Mama wa mwenzetu alipigwa picha akiwa foleni ya posho. Miezi ikapita, tukaiona picha ile kwenye tangazo la kuomba michango. Chini imeandikwa "mkimbizi", basi. Hakuulizwa jina, hakupewa hata nakala. Yeye mwenyewe alisema: "Banatupiga picha, kisha banaenda."

Hatusemi picha ni mbaya. Sheria ya 1864 inatuambia kulikuwa na tiketi, lakini ni Fildes anayetuonyesha namna mama alivyomfunika mtoto wake huku akiingoja. Bila mkono wake tungewasahau wote. Kosa tunaloliona ni moja: alizishika sura zao vizuri, majina yakabaki barabarani.

Kwa hiyo sisi wa kikundi, tunaochora na tunaopiga picha kwa simu, tumekubaliana: tunaomba ruhusa kwanza, tunauliza jina na kama mtu anataka liandikwe, na tunamrudishia picha yake aione. Mama wa mwenzetu tumeshamchora. Jina lake liko chini ya mchoro, kaliandika kwa mkono wake mwenyewe, na mchoro umebaki nyumbani kwake.

Na nyinyi je, picha yako iliyoenda mbali, iliandikwaje?