Bram Moolenaar, fundi wa programu aliyewakumbuka yatima wa Rakai

Tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 2023, mtu mmoja wa Uholanzi aitwaye Bram Moolenaar alifariki akiwa na miaka 62. Siku mbili baadaye familia yake ilitoa tangazo fupi: ugonjwa ulimzidia haraka katika wiki zake za mwisho. Redio nyingi hazikuitaja habari hiyo. Hakuwa waziri wala mchezaji mpira. Lakini duniani kote, watu wanaoandika programu za kompyuta waliomboleza kama waliofiwa na mzee wa mtaa. Na huko Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, kulikuwa na watoto na vijana waliosoma shule kwa sababu yake, ingawa wengi wao hawakuwahi kukitumia kile chombo alichokitengeneza.

Historia yake inafaa kusimuliwa mashariki mwa Kongo, kwa sababu inagusa mambo mawili ambayo familia nyingi huku zinayajua: yatima, na msaada unaokuja na kukatika.

CHOMBO CHA FUNDI

Kwanza ni lazima kueleza kazi yake. Simu inayopokea pesa, kompyuta ya benki, mashine inayorusha sauti ya redio, vyote vinaendeshwa na maandishi. Maandishi hayo hayajiandiki. Kuna mtu anayeyaandika mstari kwa mstari, na akikosea alama moja tu, kazi yote inaweza kusimama. Seremala ana randa na msumeno. Fundi wa programu ana chombo cha kuandikia na kusahihisha maandishi yake. Chombo alichotengeneza Moolenaar kinaitwa Vim.

Vim ina babu yake. Mwaka 1976, Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley huko California, Marekani, aliandika programu iliyoitwa vi. Alikuwa akifanya kazi akiwa nyumbani, kompyuta kubwa ikiwa chuoni, na vyote vikiunganishwa kwa waya wa simu. Waya huo ulipitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Kila herufi iligharimu muda. Kwa hiyo Joy alifanya amri zake ziwe fupi kabisa: herufi moja inatosha kusogea, herufi mbili zinatosha kufuta mstari mzima. Ile taabu ya mtandao mzito ndiyo iliyozaa chombo chepesi. Yeyote aliyewahi kungoja picha moja ifunguke kwenye simu kwa dakika tano anaelewa.

Moolenaar alizaliwa mwaka 1961 mjini Lisse, Uholanzi. Alisomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha Delft, akamaliza mwaka 1985. Alinunua kompyuta ya aina ya Amiga, lakini vi aliyoizoea haikuwepo kwenye mashine hiyo. Alikuta programu nyingine, Stevie, iliyoiga vi. Tim Thompson ndiye aliyeiandika kwa ajili ya kompyuta za Atari ST, na wengine wakaipeleka kwenye mashine nyingine. Maandishi yake yalikuwa wazi, yaani kila mtu aliruhusiwa kuyasoma na kuyabadilisha. Mwaka 1988 Moolenaar akaanza kuyarekebisha kwa matumizi yake mwenyewe. Kilichokosekana alikiongeza, kilichoharibika alikitengeneza.

Miaka mitatu alifanya hivyo bila kelele. Mwaka 1991 Vim ilitoka hadharani mara ya kwanza, na haikutoka kwa intaneti. Kulikuwa na Mmarekani aitwaye Fred Fish aliyekusanya programu za bure za Amiga na kuzisambaza kwenye diski ndogo, kila diski ikiwa na namba yake. Vim ilikuwa kwenye diski namba 591. Mwaka 1992 iliingia kwenye mashine za Unix, zile za vyuo vikuu na makampuni. Miaka hiyo hata maana ya jina ilibadilika: mwanzoni herufi zile zilisimamia «vi ya kuiga», sasa zikasimamia «vi iliyoboreshwa».

Tangu hapo kazi haikusimama. Toleo la 3 la mwaka 1994 lilimwezesha mtu kufungua madirisha mengi kwa pamoja. Toleo la 5 la mwaka 1998 lilitia rangi katika maandishi ya programu, ili makosa yaonekane haraka. Toleo la 7 la mwaka 2006 lilileta ukaguzi wa tahajia, na kati ya lugha zilizotayarishiwa orodha ya maneno kuna Kiswahili na Kinyarwanda. Toleo la 9 lilitoka mwezi wa sita mwaka 2022, na ndilo la mwisho alilolitoa yeye mwenyewe.

Kuna jambo moja ndani ya Vim ambalo fundi wa Goma au Bukavu ataliheshimu. Mtu anapoandika, Vim inaweka pembeni faili ya siri inayofuatana na kazi yake. Umeme ukikatika ghafla, mashine ikazima, mtu akiirudia anaulizwa kama anataka kuokoa alichokuwa anaandika, na sehemu kubwa ya kazi inarudi. Tena Vim haihitaji kompyuta ya bei kali wala intaneti. Inafanya kazi kwenye mashine kuukuu, na mafunzo ya kuanzia yamo ndani yake. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mitumba anatumia chombo kilekile anachotumia mhandisi wa kampuni kubwa la California, na wote wawili hawalipi hata franka moja.

KIBAALE, WILAYA YA RAKAI

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Uganda kama mfanyakazi wa kujitolea. Hakwenda kufundisha kompyuta. Alikwenda kusaidia kazi ya maji safi na vyoo katika kituo cha watoto cha Kibaale. Ieleweke kwamba huu si ule mji wa Kibaale wa magharibi mwa Uganda. Huu uko wilaya ya Rakai, kusini, karibu na mpaka wa Tanzania.

Rakai ilikuwa imepigwa vibaya. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero kando ya ziwa Victoria, watu walianza kufa kwa ugonjwa uliowakondesha. Uganda haikuwa imeujua bado. Baadaye ulijulikana kuwa ni ukimwi. Katika miaka ile hakukuwa na dawa za kupunguza makali. Wazazi walikufa, mababu na mabibi wakabaki na wajukuu, na katika nyumba nyingine mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye aliyewalea wadogo zake. Ukurasa ambao Moolenaar aliuandika na kuuweka ndani ya Vim ulisema kwamba watoto kama 60.000 katika wilaya hiyo walikuwa wamepoteza mzazi mmoja au wote wawili, kwa wakaaji wapatao 350.000.

Hali hiyo haihitaji kuelezwa sana kwa familia zilizohama vijiji vyao kwa sababu ya vita. Sababu ni tofauti, lakini mtoto aliyebaki bila mzazi anaulizwa maswali yaleyale: atakula wapi, nani atalipa shule, nani atamsaini karatasi.

Moolenaar aliporudi Uholanzi hakuyaacha hayo Kibaale. Yeye na wenzake walianzisha shirika dogo, ICCF Holland, la kukusanya pesa kwa ajili ya kituo kile. Naye alikuwa tayari na kitu mkononi ambacho watu wa nchi nyingi walikipenda. Hakukiuza. Aliandika katika leseni ya Vim kwamba kila mtu aitumie bure, ainakili, aigawe, lakini akiona inamfaa, anaombwa awasaidie watoto wa Uganda.

Anayefungua Vim bila faili anakuta kwenye kioo mistari michache: jina la programu, toleo lake, jina la Moolenaar, na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Chini yake kuna amri ya kufuata kama mtu anataka kujua zaidi. Hakuna anayelazimishwa. Asiyetoa chochote anapata Vim ileile, haikupunguzwa kitu.

Kwa sababu Vim imewekwa tayari katika karibu kila mfumo wa Linux, na hata katika kompyuta za Apple, ombi hilo liliingia mahali ambapo hakuna shirika la misaada lingeweza kulipia tangazo. Liliingia kwenye vioo vya wahandisi wa Tokyo, Berlin na São Paulo. Wengi walijua jina la Uganda kwa mara ya kwanza kupitia mstari huo.

Pesa zilisaidia kazi ambayo kituo cha Kibaale kilikuwa kikifanya: shule ya msingi, shule ya sekondari, mafunzo ya ufundi na kliniki. Mtu aliyeko mbali aliweza kumchukua mtoto mmoja na kumlipia masomo mwaka baada ya mwaka. Moolenaar mwenyewe alirudi Kibaale mara nyingi kuona kazi inavyokwenda, akaandika taarifa ili waliotoa wajue.

Baadaye alianza pia kuwaomba watumiaji wamdhamini ili apate muda wa kuitengeneza Vim, na waliochangia walipewa haki ya kupiga kura kuhusu kitu gani kiongezwe kwanza. Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni la Google, akafanya kazi huko hadi mwaka 2021. Kwa kuwa sasa alikuwa na mshahara, pesa zote za wadhamini alizielekeza Uganda.

LAWAMA NA MASWALI

Si kila mtu alimsifu kwa kila jambo. Vim ilikuwa na mlango mmoja, na ufunguo alikuwa nao yeye. Watu wengi walituma marekebisho, lakini yeye ndiye aliyekubali au kukataa, na mara nyingine walingoja muda mrefu. Mwaka 2014 watu wasioridhika walichukua maandishi ya Vim na kuanzisha chombo kingine, Neovim. Leseni iliwaruhusu. Miaka miwili baadaye toleo la 8 la Vim lilileta uwezo wa kufanya kazi nyingine nyuma ya pazia bila kumsimamisha mwandishi, mojawapo ya mambo ambayo watu hao walikuwa wakiyadai. Ushindani uliwafaidi watumiaji wa pande zote mbili. Na Neovim nayo haikuufuta mstari wa kuwakumbuka watoto wa Uganda.

Lakini swali la ufunguo lilibaki. Mtu mmoja akiwa ndiye nguzo ya nyumba, akianguka nini kinatokea? Mwezi wa nane mwaka 2023 swali hilo lilikuja kwa nguvu, tena mara mbili: nani ataendeleza programu, na nani atawakumbuka watoto?

Kwa programu, jibu lilikuja mapema. Christian Brabandt wa Ujerumani, aliyekuwa akichangia Vim kwa miaka mingi, alichukua usimamizi pamoja na wenzake. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 walitoa toleo la 9.1 na kulifanya kuwa kumbukumbu ya Moolenaar. Iliwezekana kwa sababu maandishi yote yalikuwa wazi tangu mwanzo. Hakuna aliyelazimika kuvunja mlango.

Kwa watoto, ombi halikuondolewa. Lile shirika la Uholanzi liliikabidhi kazi kwa mshirika wake wa Canada, ambalo jina lake kila msomaji wa huku atalielewa bila mkalimani: Kuwasha.

KINACHOBAKI

Mashariki mwa Kongo wanajua misaada ya namna nyingi. Kuna ile inayofika na magari mengi, bendera na wapiga picha, kisha mradi unaisha, na ofisi inafungwa kabla mtoto hajamaliza darasa la sita. Historia ya Kibaale inaonyesha njia nyingine. Mtu mmoja alifanya kazi aliyoijua, akaifanya vizuri kwa zaidi ya miaka 30, akaiweka wazi kwa wote, na juu yake akaweka ombi moja bila kulibadilisha kila mwaka kutafuta shida mpya inayovutia wafadhili. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza aliweza kufika sekondari wakati ombi likiwa bado palepale.

Kwa kijana aliyehama na familia yake, anayejifunza kompyuta kwenye mashine ya kuazima, kuna jambo la pili. Moolenaar hakuanza na kitu kikubwa. Alianza na programu ya mtu mwingine iliyokuwa na kasoro, kwa sababu aliihitaji. Maandishi ya Vim bado yako wazi hadi leo. Anayejua kusoma programu anaweza kuyasoma, na akiona kosa, akalitengeneza, anaweza kutuma marekebisho yake kwa wasimamizi. Hataulizwa cheti, wala ametoka wilaya gani. Wataangalia kama kazi yake ni sahihi.