Ajira Marekani: Jimbo linaloongoza kwa kazi mpya linaongoza kwa kipimo gani?

Kila mwezi Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, hutoa jedwali linaloonyesha kila jimbo limeongeza au kupoteza ajira ngapi za mshahara, likilinganishwa na mwezi kama huo mwaka uliopita. Muda si mrefu vichwa vya habari vinafuata: Texas yaongoza, Florida yapanda, jimbo fulani lashuka.

Kwa Waswahili wengi waliohamia huko, wakiwemo wakimbizi kutoka Congo waliopokelewa Texas, Kentucky, Ohio na Arizona, hizi si habari za kupitisha muda. Mkimbizi hupangiwa mji wa kwanza, lakini baada ya hapo yuko huru kuhama. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwamba "Texas kazi ni bwerere" unaweza kuifanya familia nzima ifungashe virago.

Shida ni kwamba jedwali hilo ni rahisi kusomwa vibaya.

Idadi au asilimia?

California ina takriban ajira milioni 18 za mshahara na Texas zaidi ya milioni 14. Wyoming haifiki hata 300,000. Maana yake, California ikikua kwa asilimia 1 tu imeongeza kazi kama 180,000, zaidi ya nusu ya kazi zote za Wyoming. Wyoming ikikua kwa asilimia hiyohiyo, inaongeza kazi zisizofika 3,000, na hakuna atakayeiandika.

Ndiyo maana Texas huonekana juu karibu kila mara. Ni kubwa, basi. Ukipanga kwa asilimia, sura hubadilika: miaka ya karibuni majimbo kama Idaho, Utah, Nevada na South Carolina yamekuwa yakijitokeza mbele, ingawa wengi hawayataji.

Lakini hata asilimia ina mtego wake, nao ni mwaka unaolinganishwa nao. Chukua kampuni yenye wafanyakazi 100. Inaachisha kazi 20, wanabaki 80. Mwaka unaofuata inarudisha 16. Kwenye karatasi imekua kwa asilimia 20, ukuaji wa kutisha! Ukweli ni kwamba watu wanne bado wako nyumbani.

Hicho ndicho kilichotokea baada ya corona. Aprili 2020 majimbo yote 50 yalikuwa na ajira chache kuliko mwaka mmoja kabla. Nevada, ambako uchumi wa Las Vegas unategemea kasino na hoteli, iliumia vibaya. Ukosefu wa ajira ulifika takriban asilimia 30. Aprili 2021 Nevada hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa zilizopanda kwa kasi zaidi, huku ajira zake zikiwa bado hazijarudi kiwango cha kabla ya janga.

Na ukuaji wa kweli nao unaweza kukatika ghafla. North Dakota ilikuwa nyota ya jedwali hili mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa sababu ya mafuta ya eneo la Bakken. Watu walimiminika Williston, mji mdogo ambao kodi za nyumba zilipanda mpaka zikafanana na za miji mikubwa. Bei ya mafuta ikaanza kuporomoka katikati ya 2014, na kufikia 2015 na 2016 jimbo lilikuwa linapoteza ajira. Aliyefuata takwimu za mwaka uliopita alifika karamu imeisha.

Nani anahesabiwa?

BLS hukusanya taarifa kutoka kwa biashara na ofisi za serikali zaidi ya 100,000, zenye vituo vya kazi zaidi ya 600,000. Swali ni dogo: ni watu wangapi walikuwa kwenye orodha ya mishahara katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi?

Kinachohesabiwa hapo ni kazi, si mtu. Anayefanya ghalani mchana na kusafisha ofisi usiku anaingia mara mbili. Kazi ya saa kumi kwa wiki na ya saa arobaini zote ni moja.

Waliojiajiri hawamo. Dereva wa Uber hayumo, mradi halipwi mshahara kama mwajiriwa. Wafanyakazi wa mashambani, wasaidizi wa nyumbani wanaolipwa na familia, na wanajeshi hawamo pia. Kiwango cha ukosefu wa ajira nacho hutoka kwenye utafiti mwingine kabisa, wa kaya takriban 60,000, ndiyo maana jimbo linaweza kuongeza kazi na ukosefu wa ajira ukapanda mwezi huohuo.

Kazi huandikwa mahali ilipo, si anapolala mfanyakazi. Anayeishi Maryland na kufanya kazi Washington, D.C. anahesabiwa Washington. Serikali kuu ilipopunguza watumishi mwaka 2025, kazi kama hiyo ilifutwa kwenye hesabu ya Washington, lakini kodi ya nyumba iliyokosa wa kuilipa iko Maryland.

'Hakuna mabadiliko' maana yake nini?

Ripoti husema ajira zimepanda katika majimbo kadhaa na "hazikubadilika sana" kwingine. Usije ukadhani hapo kuna sifuri. Jimbo linaweza kuonyesha ongezeko la maelfu ya kazi na bado likawekwa kundi hilo, kwa sababu ongezeko hilo ni dogo kuliko kosa linaloweza kutokana na kuhoji sehemu tu ya waajiri. BLS haitaki kuapa kwamba limetokea. Magazeti mengi ya majimbo huchapisha ongezeko hilo kama ushindi hata hivyo, na magavana hulishangilia.

Hesabu zenyewe pia hurekebishwa. Waajiri wengine huchelewa kujibu, na mara moja kwa mwaka makadirio hupimwa upya kwa kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, zinazogusa zaidi ya asilimia 95 ya kazi zote. Agosti 2024 BLS ilitangaza kwamba hesabu ya taifa ya Machi mwaka huo huenda ilizidi kwa kazi 818,000. Hesabu ya mwisho, Februari 2025, ikapunguzwa kwa 598,000.

Marekebisho hayo yaligeuka siasa Agosti 1, 2025. Ajira za Mei na Juni zilipunguzwa kwa 258,000 kwa pamoja, na siku hiyohiyo Rais Donald Trump akamfukuza kazi mkuu wa BLS, Erika McEntarfer, akidai bila kutoa ushahidi kwamba takwimu zilichezewa.

Kwenye jimbo moja waajiri wanaoulizwa ni wachache kuliko taifa zima, kwa hiyo kuyumba ni kukubwa zaidi. Marekebisho ya mwaka ya majimbo hutoka mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida kuelekea Machi, na jimbo lililosifiwa mwaka mzima linaweza kukuta sehemu ya kazi zake imefutwa.

Anayetaka kuhama ana jedwali jingine la kuangalia: BLS hutoa pia takwimu za miji mikubwa na vitongoji vyake, baada ya zile za majimbo, zikigawanywa kwa sekta kama afya, ujenzi na usafirishaji. Texas ni kubwa kuliko Kenya, na kutoka El Paso hadi Houston ni takriban kilomita 1,200. Kazi ikipatikana Houston, aliyeko El Paso bado ana safari ya siku nzima kwa gari.